Nondo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025. Irving, Texas.

Nimepata nondo mpya. Si mpya kwangu tu. Mpya kwa dunia. Alikuwa kwenye sanduku la wadudu kutoka msitu wa mlimani huko Guinea, ambako mlinzi wa msitu aitwaye Parfait alitundika shuka jeupe, akawasha taa, akawakusanya waliotua. Mdogo, rangi ya kahawia. Kwa mabawa huwezi kumtofautisha na ndugu zake. Njia ni moja: kumtoa tumbo, kulichemsha kwenye dawa, kisha kutazama sehemu za siri kwa hadubini. Za huyu, dume, zina kulabu mbili kama pembe za fahali. Nimetafuta mchana kutwa. Hakuna nondo anayejulikana mwenye kulabu hizo.

Anayemwelezea kwanza kwenye jarida la sayansi ndiye anayempa jina. Kumpa jina langu mwenyewe ni aibu, hata mimi najua. Nikawaza. Nikamkumbuka mama mkwe.

Mama Joyceline anaishi Pearland, kando ya Houston, kwa dada ya mke wangu Moraa. Tangu niache masomo ya uuguzi nikaajiriwa kutunza wadudu wa chuo, hachoki kumwambia Moraa ahamie Houston: wauguzi wanatakiwa, aje na mtoto. Mimi sitajwi. Moraa ameanza kutazama nyumba za huko kwenye simu. Lakini mwanamke akipewa kiumbe chenye jina lake milele, atamwachaje mkwe nje? Huo ndio mpango.

Jumamosi, 8 Machi. Pearland.

Chakula cha mchana kwa Mama. Sisi Wakisii mkwe na mama mkwe hawazoeani. Nilikaa mwisho wa meza, nikatazama ugali. Kisha nikatangaza.

Mama akaacha kula. "Jina langu? Lote?"

Nikasema lote, tena kwa Kilatini. Akaniongezea nyama yeye mwenyewe. Hajawahi.

Akawapigia simu kina mama wa kanisa. Habari zikafika kwa jirani, Method, Mtanzania anayejenga nyumba kwao Moshi. Akaja mbio. Amesikia nina nondo mpya kutoka Afrika Magharibi. Zina unene gani, na je, zinashika kutu kabla ya kumwaga zege? Nikamwambia ni mdudu. Akasema nisimfiche, yeye si mtu wa maneno mengi. Akaondoka amenuna.

Jumapili, 9 Machi. Alief.

Tatizo ni Macaire. Mrundi, anafanya utafiti kwenye jumba moja la makumbusho hapa Houston. Masanduku ya Guinea yaligawanywa, nusu kwake, nusu kwetu. Akiwa na nondo huyuhuyu na akachapisha kwanza, nimekwisha. Nikamwambia Moraa naenda kumjulia hali Macaire. Akashangaa. Kwa kawaida namsema vibaya.

Nilimkuta ametoka misa. Mkewe, Aurore, alikuwa amepika maharage na ndizi. Walinipokea kama ndugu aliyepotea. Nilikuwa nimepanga maswali ya kumchimba polepole. Sikuyahitaji. Alifungua kompyuta mwenyewe, akanionyesha picha: sehemu za siri za jike, zenye vishimo viwili vya kupokea kulabu mbili. Ni yeye. Nondo wangu.

"Ndugu yangu Sheldon, mimi niko na majike tu," akasema. "Dume sina. Kama wewe uko naye, tuandike pamoja."

Nikamwambia sina. Nikaomba ndizi nyingine.

Jumatano, 12 Machi. Irving.

Maelezo yamekamilika. Mabawa yamepata aya moja. Sehemu za siri zimepata kurasa kadhaa, pamoja na picha iliyokuzwa hadi ikajaza ukurasa.

Moraa aliisoma akiwa amesimama, bado na sare ya kazini. Akaona jina la mama yake juu. Akateremsha kurasa. Akafika kwenye picha.

"Baba Tania," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "hii ni nini?"

Nikamweleza kitaalamu. Akasema kitu kile na jina la mama yake haviwezi kukaa mahali pamoja, na kwamba wazee wa Kisii wakisikia nitatozwa mbuzi. Nikasema ni Kilatini, hakuna atakayeelewa. Akasema picha si Kilatini.

Alipoenda kuoga nikaituma kwa jarida. Mpango ulikuwa bado mzuri.

Jumanne, 22 Aprili. Irving.

Jarida limejibu. Walimpa mtaalamu aitathmini, naye ametia sahihi: Macaire. Anasema dume ameelezwa vizuri sana, ila majike wapo, na mwandishi alishaonyeshwa. Hakuandika kwamba nilidanganya. Aliandika "pengine alisahau". Anapendekeza tuandike pamoja, na nondo apewe jina la Parfait, aliyemkamata.

Nikakubali mara moja, kwa moyo mkunjufu. Moraa alikuwa amesimama nyuma yangu.

Jumamosi, 26 Aprili. Pearland.

Moraa alisema nikamwambie Mama mwenyewe kwamba jina limebadilika. Nikajaribu. Mkwe hatamki neno kama lile mbele ya mama mkwe wake. Nikasema kuna sababu za kisayansi. Akataka kuzijua. Nikasema ni za ndani. Akasema yeye amefundisha shule maisha yake yote, nisimzungushe. Nikatazama zulia.

Moraa akamwita jikoni. Wakaongea Kikisii kwa sauti ya chini. Mama alipotoka hakuniangalia. Sahani yangu alimpa Tania aniletee.

Tulipomaliza kula, akasema huku ametazama dirishani, "Na huyo Parfait, mama yake anajua?"

Moraa alicheka hadi akatoka nje. Mama akamfuata, kitambaa mdomoni, mabega yakitikisika. Mimi nikamalizia mboga.

Ijumaa, 15 Agosti. Irving.

Makala imetoka. Macaire wa kwanza, mimi wa pili. Nondo anaitwa kwa jina la Parfait, ambaye ameandika kushukuru.

Moraa amepata kazi Houston. Tunahama mwezi ujao. Alisema "tunahama", na nilipouliza, akathibitisha kwamba nimo. Inasemekana ni Mama aliyesisitiza. Anasema tangu ile siku hajacheka vile. Macaire naye ameniombea nafasi kwenye makumbusho yao. Alimwambia mkuu wake kwamba mimi ni mtu makini na mwaminifu.

Leo amepiga simu kunipongeza. Akauliza kama kwenye masanduku yetu wamebaki wengine wasiojulikana, tuwashughulikie pamoja.

Nikamwambia hakuna.

Wapo watatu. Mmoja ni wa kijani, mzuri sana, na nimeshamwahidi mke wa mchungaji.