Vita vya Bwana Afya na Kikaango cha Mama Mkwe

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kushika sufuria na enyi mliowahi kuikimbia. Wekeni chini vikombe vyenu, funikeni vyakula vyenu, mnyamaze, kwa maana nitawasimulia habari nzito ya shujaa aliyepigana siku tatu na kikaango. Nawe bomba la jikoni kwa mdogo wangu, uliyeyaona yote huku ukidondosha tone moja moja, nipe ulimi, nisije nikaruka hata aibu moja. Vita vya wafalme vimeshaandikwa na waliolipwa kuviandika. Hivi naviandika mimi bure, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu mpaka leo sina raha.

Shujaa mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, na kazi yake ni Bwana Afya. Ndiye yule anayeingia migahawani na koti jeupe na kalamu mbili mfukoni, akapitisha kidole juu ya makabati, akafunga majiko ya watu waliomzidi umri na akili. Simba wa Mifereji, Mtesi wa Mende, Mwenye Kidole Kisichodanganyika! Huyu ukimkaribisha kwako chakula, kwanza anainua sahani akaichungulia chini. Mdogo wangu alimpenda hivyo hivyo, na mimi sikuulizwa.

Na adui? Adui ni kikaango cha mama yetu, cha chuma cha kusubu, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa, kizito hata ukikishika kwa mkono mmoja unatafuta wa pili, cheusi tii. Weusi ule, enyi msiojua, si uchafu. Ni mafuta ya miaka arobaini yaliyoungulia juu ya chuma, tabaka juu ya tabaka, yakawa ngozi. Ndiyo ngozi inayofanya yai liteleze na kutu ikose pa kuingilia. Kikaango cha namna hiyo hakisuguliwi ovyo. Hufutwa kingali na moto. Kikikaidi hupewa chumvi ya mawe na kitambaa. Kisha hukaushwa jikoni, kikapakwa mafuta kiduchu, basi. Mama alitufundisha hayo kabla hatujajua kuandika majina yetu.

Mwaka huu kifundo cha mkono wa mama kilikataa, hawezi tena kukiinua. Akampa mdogo wangu, lakini kwa sharti, maana mama hatoi kitu hivi hivi. "Kaeni nacho mwezi mmoja," alituambia sote watatu, wao wawili na mimi. "Jumamosi ya mwisho nitakuja nikaange yai. Likiteleza lenyewe, kikaango chenu. Likiganda, anakichukua dada mtu." Dada mtu ni mimi. Sitawaficha: nilikitaka kikaango kile tangu nikiwa msichana, nilikitaka hadi kukiota, na mwezi mzima nilikuwa naomba yai la mdogo wangu ligande kama gundi.

Basi hata ilipowadia Alhamisi, siku mbili kabla ya hukumu, nilikwenda kuwasalimia, yaani kupeleleza. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu hospitali. Bwana Afya alikuwa likizo, na mwanaume yule akiwa likizo hukagua nyumba yake mwenyewe. Nilikaa kwenye stuli ya jikoni na kikombe changu cha chai. Ndipo akafungua kabati la chini, akakiona, akarudi nyuma hatua mbili, akanyoosha kidole chake maarufu na kunena kwa sauti kuu:

"Ee uchafu mkongwe! Mwezi mzima umelala ndani ya nyumba ya Bwana Afya, ukila nasi, ukitucheka! Nimefunga migahawa kumi na saba kwa masizi yasiyofika robo yako. Leo ama zako ama zangu!" Kisha akanigeukia kwa huruma. "Shemeji, usinielewe vibaya. Wazee wetu hawakusoma mambo ya vijidudu."

Wazee wetu! Mtu anamtukana mama yangu hali nina chai yake mdomoni! Neno moja lingetosha kumzuia, neno lenyewe ni "acha". Nililihisi likipanda kooni. Nikalimeza pamoja na chai.

"Sugua, baba," nikamwambia. "Mimi mgeni hapa."

Akavua shati. Akajifunga aproni ya mkewe yenye maua, akavaa glavu za mpira mpaka kwenye viwiko, akashuka kwenye uwanja wa sinki. Jeshi la kwanza lilikuwa dodoki na sabuni ya maji, na likachakaa bila kuteka hata upana wa ukucha. Akaita waya wa kusugulia, waya ukalia, povu likapanda jeusi, jasho likamdondoka puani, naye akipiga kelele, "Unaona, shemeji? Unaona kinavyotoka?" Naona, nikasema, naona kabisa. Waya wa tatu ulipokatika katika vidole vyake, akakimbilia sanduku la zana akarudi na msasa, msasa wa seremala jamani, wa kulainishia milango! Saa tatu na nusu zilipita hivyo. Miaka arobaini ya mama ilikuwa ikishuka kwenye bomba la maji machafu, na mimi nilijiongezea chai.

Mwisho wake chuma kikabaki kijivu, uchi, kinang'aa kama kichwa kilichonyolewa. Shujaa akakibusu. Ndiyo, alikibusu, niliona kwa macho yangu! Kisha, ili ushindi usiwe na kasoro, akakilaza kwenye beseni la maji ya sabuni, akaenda kulala usingizi wa mchana.

Mdogo wangu alirudi saa kumi na mbili jioni. Alikitoa majini mwenyewe. Kilikuwa kimeshaota kutu ya rangi ya chungwa, madoa madoa kama surua.

"Umekifanya nini?" akauliza polepole.

"Nimekiponya," akasema Bwana Afya, kifua mbele. "Kilikuwa na ugonjwa wa miaka."

Mdogo wangu hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Alikaa chini sakafuni na sare yake ya kazi, kikaango mapajani, akaanza kulia. "Ule haukuwa uchafu," akasema. "Ule ulikuwa mkono wa mama. Kila asubuhi aliyotupikia ilikuwa humo. Umemsugua mama yangu ukammwaga kwenye sinki."

Hapo Simba wa Mifereji akapungua. Alitazama glavu zake zilizoning'inia sinkini, akatazama mkewe, kisha akanitazama mimi.

"Shemeji, si ulikuwa umekaa hapo. Ulikuwa unajua?"

Nilisuuza kikombe changu, nikasema giza linaingia, nikaondoka.

Asubuhi ya Ijumaa nilirudi mapema, nisipitwe na kilio. Nikamkuta amevaa koti jeupe, kikaango amekifunga kwenye taulo kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Alikuwa anakwenda kwa mpishi wa mgahawa wa karibu na soko, mama mmoja mwenye mikono minene, ambaye wiki mbili nyuma Bwana Afya mwenyewe alimwamuru atupe vikaango vyake vyote kwa sababu ya weusi. Nikafuatana naye. Ningekosaje?

"Karibu, Bwana Afya," mpishi akasema, akijifuta mikono. "Umekuja kufunga tena?"

"Nimekuja kufundishwa, mama," akasema shujaa, akafunua taulo.

Yule mama alikitazama kikaango, akamtazama yeye, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa vikaango vyake vinne, vyeusi vilevile, vikiteleza kwa afya, ambavyo hakuvitupa ng'o. Bwana Afya akafumba macho. Alivifumba kwa muda mrefu, kama afisa ambaye hajaona kitu.

"Toa kutu yote kwa chumvi ya mawe, kisha kausha motoni," akafundisha mpishi. "Paka mafuta, halafu yafute, yafute kama mtu aliyejuta kuyapaka. Rudisha motoni hadi moshi uishe. Kipoe. Rudia mara sita. Na usimimine mafuta mengi, nakujua wewe, kitanata."

Akaenda akamimina mengi. Nani alidhani vinginevyo? Mtu aliyezoea kuamini kwamba dawa ikizidi ndiyo inaponya! Kikanata kama ubao wa kutegea nzi. Ikabidi arudi tena kwenye chumvi, safari hii bila glavu maana zilikuwa zimechanika, na chumvi ikaingia kwenye vidole vilivyochubuliwa na msasa wa jana, akawa anasugua huku ananyonya hewa kwa meno. Nilimwambia, "Pole, shemeji," kwa sauti ambayo sitaki mtu anisemeshe nayo. Moshi ulijaa jikoni, ukajaa sebuleni, majirani wakabisha hodi kuuliza nini kinaungua. Yeye akapaka, akafuta, akasubiri. Tabaka la sita lilikauka saa kumi na moja jioni. Chuma kilikuwa cha kahawia iliyokoza, si cheusi, na alikipangusa kwa ncha ya aproni.

Jumamosi saa nne mama akaingia. Tukamwamkia, akaitikia, akatoa kwenye mkoba wake yai lililofungwa kwenye leso, kwa kuwa haamini mayai ya watu. Kikaango kikapata moto. Akapasua yai.

Likaganda.

Oo, moyo wangu! Lilikaa pale katikati, limejishikilia, kingo zikianza kukauka, na mdogo wangu akanishika mkono, mimi, akanibana kwa nguvu kama tulivyokuwa tukishikana utotoni radi ikipiga. "Subira," akasema mama. "Inamisha wewe, baba, mimi sina mkono." Bwana Afya akashika mpini kwa vidole vyake vyenye plasta, akainamisha. Hakuna. Akainamisha zaidi. Na ndipo, enyi mataifa, ukingo mmoja wa yai ukaachia, ukafuatwa na wa pili, nalo likajikokota, likapiga hatua, likatembea upana wa vidole viwili, likasimama ukingoni! Pigeni ngoma basi, pulizeni baragumu, semeni kwa watoto wenu kwamba Jumamosi ile, saa nne na robo, yai moja la kuku lilihama makazi yake kwa amri ya Bwana Afya.

Mama alizima jiko. Akapitisha ukucha pembeni ya chuma.

"Kimesuguliwa hiki," akasema. "Ngozi hii ya jana. Nani kakisugua?"

"Mimi, mama. Nilidhani ni uchafu. Nisamehe."

"Wewe hukujua. Lakini hapakuwa na mtu hapa wa kukuambia acha?"

Mdogo wangu aliutoa mkono wake mkononi mwangu. Bwana Afya akanitazama, mtu ambaye hajawahi kumwachia mkosaji mmoja bila kumwandika jina na saa, na mimi nikaona mama ananigeukia, nikaona miaka yangu yote mbele yake ikining'inia kwenye mdomo wa yule niliyekuja kumcheka.

"Hapakuwa na mtu, mama," akasema. "Nilikuwa peke yangu."

Mama akamtazama kidogo, akatikisa kichwa. "Haya. Kikae hapa, umeshajua kukitunza." Kisha akalitia yai kwenye sahani, akanisogezea mimi. "Kula, mwanangu. Umekonda."

Iandikwe basi kwamba shemeji alishinda, na mimi ndiye niliyeshindwa, na kwamba sijamsamehe kwa wema ule. Nilikuwa nimekuja na mfuko mkubwa wa turubai wa kubebea kikaango. Niliukunja mara nne, nikaukalia, nikala yai lile mbele yao mpaka likaisha.