Kasoro za Sampuli Yenu, Humphrey

Domina, Mama Agape,
Xiaobei, Guangzhou.

Mkurugenzi,
Kituo cha Mitaala ya Nyumbani Somo Sebuleni,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SAMPULI YA MTOTO ALIYEKWISHA KUSOMA

Natumaini u mzima na watoto wako wanashika masomo. Wa kwangu anashika kila kitu. Agape ana miaka minane, anasema Kiswahili, Kihaya na Kichina cha kufukuzia wasumbufu. Wenye maduka wa jengo la Tianxiu Dasha wanampa pipi kwa akili zake, si kwa uzuri, ingawa uzuri pia anao, amenifuata mimi.

Shule za hapa hazikutufaa, ndiyo maana nataka kumsomesha nyumbani. Lakini baba yake, Medard, yuko Bukoba, na ametamka: kama hadi Jumapili hii sijachagua mtaala, Agape apande ndege akakae kwa bibi yake Muleba. Ndugu Mkurugenzi, mtoto huyo akiondoka nami nimekwisha. Haraka ninayo, ila haraka haijanifanya mjinga. Nimeishia darasa la saba, lakini darasa la saba la zamani, na huu ni mwaka wa kumi na moja nanunua vitambaa soko la Zhongda. Kanuni yetu ni moja: huagizi mzigo kabla hujashika sampuli, ukaivuta, ukaifua, ukaianika. Kwenu nimekutana na haya:

1. Niliomba sampuli, mkanitumia kitabu cha picha. Jaladani kuna mtoto wa sweta ya kijani anacheka. Mtoto huyohuyo, sweta hiyohiyo, anacheka kwenye jalada la mtaala wa Waingereza na wa Wamarekani. Mtoto mmoja hatoki viwanda vitatu. Nani kamtengeneza?

2. Nikaomba basi mniletee mtoto halisi, aliyemaliza, nimwangalie. Dada Sesilia wa ofisini kwenu akanijibu kwenye simu, "Mama yangu, elimu si kitenge!" Ni kweli si kitenge. Kitenge kibaya unashona mapazia. Mtoto aliyesoma vibaya utamshona nini?

3. Hamtaki kuchanganya. Nilitaka hesabu za Kichina, Kiingereza cha Uingereza na adabu ya Kihaya, mkasema haiwezekani. Mimi napakia kontena bandari ya Huangpu kila mwezi: vigae chini, mito juu, sufuria katikati, na ndani ya sufuria soksi. Vyote vinafika. Kichwa cha Agape kina nafasi kuliko kontena.

4. Hatimaye mkanielekeza kwa Humphrey, kijana aliyesoma mtaala wenu tangu darasa la kwanza, sasa yuko chuo kikuu hapahapa Guangzhou anasomea madaraja. Kwa hilo nashukuru. Nimemchunguza siku tisa, anakuja asubuhi anaondoka jioni. Sampuli kwa desturi husainiwa na pande mbili, kwa hiyo nilisaini kwenye mkono wa shati lake, naye akasaini chini yangu bila kuuliza. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na shaka. Nilimpitisha kwenye mvua: rangi haikutoka. Nilimkalisha katikati ya wateja watano wanaogombana: hakuchanika. Lakini anajua umbali wa mwezi na hajui upande wa mbele wa kitambaa. Anakula sahani tatu. Na pale Zhongda, laoban mwenye duka alipotaja bei ya kwanza, Humphrey alisema sawa, akashukuru! Laoban mwenyewe aliona haya, akapunguza.

5. Nauliza kwa heshima: kasoro hizi ni za kiwandani, au zimetokea njiani? Kama ni za njiani, nani alimfungasha? Na Agape naye akianza kushukuru bei ya kwanza, uzeeni nitakula nini?

6. Kwa hiyo nadai sampuli ya pili, ya kike, ikiwezekana Mhaya, kabla ya Jumapili. La sivyo mtaala wenu naukataa, na Humphrey namrejesha Dar es Salaam kwa gharama zenu, ingawa anasema ana mtihani.

Mfikishie Dada Sesilia salamu, sina kinyongo naye. Wafungasha vitabu nawasalimu, mlinzi wa getini namsalimu, na mama mzazi wa Humphrey mwambieni yeye hana kosa.

Ni mimi ninayengoja jibu nikiwa nimesimama,

Domina, Mama Agape

Nyongeza: Hayo ya juu niliyaandika Alhamisi. Leo Jumapili Medard kapiga simu ya video, nami nimeshaandaa leso ya kulilia. Agape akaninyang'anya simu. Akashika chungwa kwenye jua la dirishani, akalizungusha, akamweleza baba yake kwa nini yeye anakunywa chai ya asubuhi wakati sisi tumeshakula mchana. Dakika arobaini! Kumbe siku tisa zote mimi namchunguza Humphrey, Humphrey anamfundisha mtoto. Medard kauliza, "Nani kamfundisha mwanangu haya?" Nikamjibu, "Nani tena? Mimi." Amesema mtoto abaki. Basi leteni vitabu vyote, ila katoni zisiandikwe jina la kituo. Humphrey simrudishi. Nyinyi tengenezeni mwingine.