Taa Nyekundu ya Temam

Mwite mtu wa Jimma, hapa kwetu Ethiopia, mwizi, atacheka na kukuuliza nani kakuambia. Mwambie kahawa yake imechanganyika na robusta, kisha angalia mlango uko upande gani. Ndivyo tulivyo. Msitu wetu wa arabika hatukuupanda sisi, na labda ndiyo maana tunajivuna nao kupita kiasi.

Temam alikuwa kibandani sokoni akinywa chai (ndiyo, chai, lakini tusimwaibishe mapema) aliposikia wafanyabiashara wawili wakinong'ona kwamba mnunuzi wa ng'ambo amerudisha shehena ya mtu, eti maabara imekuta robusta ndani yake. Neno hilo walilitamka kama watu wanaotaja ukoma. Temam akaiacha chai ipoe. Hofu ya namna hii, aliwaza, ni shamba lisilo na mlinzi.

Kemia aliijua. Aliisomea shule ya bweni, hadi asubuhi ile uji wa mwalimu mkuu ulipogeuka buluu. Alifukuzwa akiwa na ukweli mmoja tu kichwani, nao aliukariri kama dua: arabika ina sukari na mafuta zaidi, robusta ina kafeini karibu mara mbili, na asidi chungu za kumkunja mtu uso. Uongo bila chembe ya ukweli ni mchuzi bila chumvi. Yaliyobaki aliyaunga kwa waya yakawa mashine ya kupimia kahawa: gamba la redio mbovu, kichujio cha chai, taa ya kijani, taa nyekundu, na kitufe kidogo chini ya mpini, pale pale dole gumba linapopenda kupumzika.

Akavaa koti jeupe, akapanda bajaji yake, akaenda kwa Mama Zeytuna, mjane mwenye magunia kumi ya kahawa ya msituni ghalani. Bajaji hiyo ndiyo mali pekee aliyoipata kwa jasho, na ndiyo iliyomlisha kila ujanja ulipogoma.

Akatia punje kwenye kichujio. Taa nyekundu ikawaka.

"Jikaze, Mama," alisema, kwa sauti ya daktari aliyezoea misiba. "Kafeini imepanda mara mbili. Mafuta hakuna. Sukari ndiyo kabisa."

"Robusta? Nyumbani kwangu?"

"Hata mimi nimeona haya kuitazama."

Akamweleza kwamba atamwondolea aibu hiyo yote, gunia kwa gunia, kabla majirani hawajanusa. Na kwa kuwa yeye si mtu wa kumnyang'anya mjane, angemwachia bajaji iwe fidia. Kwamba magunia yale yangenunua bajaji nne, hilo hakulieleza. Mama Zeytuna akalia kidogo kwenye ukingo wa shela, akapokea ufunguo, akasema vijana watapakia magunia kwenye pikapu ya kukodi huko nyuma, ila nyumbani kwake mgeni haondoki bila kahawa.

"Ngoja basi nikawasimamie wapakiaji kwanza."

"Uinuke kabla ya baraka?" Mama aliuliza, na majirani wawili waliokuja kunywa wakamkazia macho.

Kahawa kwetu huja mara tatu kutoka jebena moja, birika letu la udongo. Kikombe cha tatu ndicho kinachoitwa baraka, na anayeondoka kabla yake anaiacha kitini. Temam angeweza kumuuzia mtu paa la nyumba yake mwenyewe, lakini baraka aliiogopa. Akakaa. Kahawa ikaoshwa, ikakaangwa, moshi wake ukapitishwa puani kwa kila mtu, ikatwangwa, na sahani ya bisi za kutafunia ikawekwa katikati. Kinu kilitwangwa kwa nguvu hata usingeweza kusikia lolote kutoka uani, na Temam hakujaribu.

Kwenye kikombe cha pili, Mama akamwomba apime konzi moja aliyoibakiza, isije ikawa imemponyoka. Akaimimina kwenye kichujio kutoka kwenye kitambaa. Temam alikuwa amefumba macho, utamu wa kahawa bado ulimini. Akabonyeza.

"Robusta," akatangaza. "Tena kali."

Jirani mmoja akapatwa na kikohozi kirefu. Kilipokuja kikombe cha tatu Temam akainua mikono na kumwombea Mama Zeytuna umri mrefu na akili nyingi. Alipoombwa aiache mashine, iwe kinga siku za mbele, akaiacha. Mshindi hafanyi ubahili.

Wakati wa kushusha nyumbani kwake, magunia yalikuwa mepesi ajabu. Temam akaishukuru baraka. Kisha akayafungua: juu konzi ya kahawa, chini maganda matupu hadi kwenye mshono.

Haikupita wiki, akasikia nje honi aliyoijua kama kikohozi cha mama yake. Mama Zeytuna alikuwa amepakiwa kwenye bajaji, yule jirani wa kikohozi akiendesha, mashine mapajani. Alikuja, alisema, kumjulia hali mgonjwa. Akashuka, akachota maganda, akayatia kwenye kichujio. Taa nyekundu ikawaka.

Na moyo wa Temam, tusifichane, ukaruka. Robusta, nyumbani kwake! Ndipo akakumbuka kitufe, akaliona dole gumba la Mama.

"Usijilaumu, mwanangu. Hata bisi zangu za kwenye kitambaa ulizikuta ni robusta, tena kali." Akamtazama kwa huruma kamili. "Nitakuondolea aibu hii kabla majirani hawajanusa. Sitaki bajaji, ninayo. Nipe hilo koti tu. Sokoni wananiuliza mbona mtaalamu hana koti."

Temam akalivua. Alipoona Mama ameshika mlango, akachomoa hila yake ya mwisho, maana bajaji ilikuwa pale nje, na vikombe vitatu ni muda mrefu wa kutosha mtu kuponyoka nayo.

"Mama, kwangu pia mgeni haondoki bila kahawa."

"Ahsante," Mama Zeytuna alisema, akarudi, akakaa, akalitandaza koti magotini. "Kaanga."

Temam akaipekua nyumba nzima. Kulikuwa na maganda, na kulikuwa na chai.