Malalamiko Kuhusu Risasi Chafu na Ushindi wa Mama Mkwe

Ndugu Katibu wa Klabu ya Shabaha,

Kwa heshima zote, naomba ufute matokeo ya Jumamosi, yaliyonitoa kwenye timu ya watu wanne na kumwingiza mama mkwe wangu. Mimi ni dobi, mwaka wa kumi na tisa huu. Uchafu nikiuona naujua.

1. Risasi ndogo mnazotununulia ni chafu. Kila moja imepakwa mafuta mazito, utadhani kiwandani wanakula huku wanafanya kazi. Ilinibidi nizifute zangu zote hamsini kwa kitambaa na spiriti, moja moja, mpaka zikang'aa.

2. Pamoja na usafi huo, mtutu wa bunduki yangu umegandwa na utando wa madini ya risasi. Nimesugua kwa brashi siku tatu, na bado yanatoka magamba ya kijivu. Risasi gani hizi zinazobakia njiani?

3. Kwa sababu hiyo, risasi yangu ya kumi ilikwenda kutoboa karatasi ya jirani. Jirani ni mama mkwe. Mkamhesabia yeye.

4. Mama mkwe, mkunga mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alichota risasi kwenye boksi lilelile na kuzipiga na mafuta yake. Akaniambia mbele ya watu kwamba risasi si shati. Niliumia sana. Kama wachafu ndio wanaoshinda, sisi wenye sabuni tunahangaika nini?

5. Tangu siku hiyo, kila tukikaa mezani, mke wangu huniuliza kama nakiona kijiko.

Basi kiwanda kishtakiwe, na mama mkwe asimamishwe mpaka ajifunze kufuta risasi zake. Ikishindikana, apigwe marufuku kuwa mama mkwe siku za mashindano.

Nisalimie wajumbe wote, mtunza bohari, na mama wa chai, ambaye peke yake hakucheka.

Wako katika usafi,
Dobi wa kona

Nyongeza: Nimechana boksi la risasi nipate kipande cha kufungia barua hii. Ndani ya kifuniko pameandikwa kwamba mafuta yasifutwe, kwani ndiyo yanayozuia madini kuganda kwenye mtutu. Tafadhali barua isifike kwenye kamati. Shati la timu la mama mkwe nimelifua na kulipiga pasi, limo kwenye kifurushi hiki. Mkabidhi wewe. Ukimwambia habari ya kifuniko, nahama mji.