Kisu Kinachonusa Dhahabu

Mwaka ule dhahabu ilipowatia watu wazimu, mpaka walimu wakaacha chaki wakashika sururu, Dullah wa Nyarero hakuchimba hata shimo la choo. Yeye alikuwa na ugonjwa wake: visu. Alinunua visu vya jikoni vya bei ya mchicha, akang'oa mipini ya plastiki, akavivika pembe ya ng'ombe na pete za shaba alizokata kwenye mabomba mabovu. Alipiga tupa mchana kutwa, mpaka mkewe Ummy akauliza kama ameolewa na mtu au na tupa. Kisu kimoja tu hakuwa akikiuza. Alikifua miezi mitano kutoka kwenye springi ya lori, akakivaa kiunoni kila siku. Angemuuza mama mkwe kwanza.

Siku ya mnada alimwona Mzee Nchagwa wa Genkuru akitafuna nyama choma kwa huzuni. Soko zima lilijua sababu: duara lake, shimo lake la kuchimbia, lilikuwa halijatoa hata chembe ya dhahabu kwa miezi miwili. Lilijua pia kwamba ana ng'ombe wengi. Dullah aliwapenda sana watu wenye shida na ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Unataka nini?"

"Kukuonea huruma tu." Akatoa kisu kilicholala wiki tatu kwenye samadi na siki mpaka kikazeeka miaka themanini. "Hiki alikiacha Mjerumani. Kikisogea karibu na dhahabu, kinatetemeka."

Mchoma nyama alikuwa na jino la dhahabu. Dullah akapitisha kisu mbele ya mdomo wake, na kweli kikatetemeka. Mkono wa Dullah ulikuwa na kipaji.

Nchagwa alikipokea, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza. Kisha akatazama kiuno cha Dullah. "Na hicho?"

"Hiki cha kukatia nyanya, mzee."

"Haya. Bei?"

"Dume moja. Ila biashara hii haitaki shahidi. Mtu wa tatu akijua, kisu kinakufa."

"Hata mke wangu?"

"Hasa mke wako."

Wakakubaliana. Jumatano mchana Dullah alilikuta dume jeupe peke yake kando ya mto, akaacha kisu juu ya jiwe, akaliswaga hadi Nyarero akipiga mluzi.

Hapa inatupasa tumlilie kidogo. Kijana alijua chuma, lakini alikulia dukani. Huku kwetu, ng'ombe akipotea, wanaume hufuata nyayo, na zikiishia kwako utalipa wewe, uwe umeiba au umeota tu.

Ijumaa asubuhi wakaja wanaume thelathini na fimbo. Machage, msoma nyayo wao, alikuwa ameinama mbele. "Kwato hizi hapa. Katambuga za mtu mmoja pembeni. Zimeingia humu."

Dume lenyewe lilikuwa limefungwa kwenye mpapai, likicheua.

"Sijaiba!" Dullah akapiga kelele. "Ameniuzia Mzee Nchagwa!"

Nchagwa akajitokeza na uso wa mfiwa. "Mimi? Nani aliona?"

Hakuna aliyeona. Dullah alikuwa amelihakikisha hilo mwenyewe.

"Na ulinilipa nini, mura? Sema wote wasikie."

Dullah akafungua mdomo. Kwenye kundi lile aliwaona wateja wake wanne, kila mmoja na kisu chake cha Mjerumani nyumbani. Akaufunga.

"Dume lirudi," Machage akatamka, "na faini madume mawili."

Dullah hakuwa na hata mbuzi. Fimbo zikaanza kugonga ardhi. Akaogopa kufa.

Nchagwa akakohoa. "Msimuumize kijana wa watu. Faini nasamehe. Anipe tu hicho cha kukatia nyanya."

Dullah akafungua mkanda taratibu, machozi yakimtoka. Mzee akagonga chuma kwa ukucha, kikalia vizuri.

"Baba yangu alikuwa mhunzi," akasema kwa sauti ya chini. "Springi ya lori, siyo? Na ulikipoza kwenye mafuta, si maji."

Mtu wa kwanza kumuuliza hilo maishani mwake! Hata Ummy hajawahi.

"Mafuta ya gia," Dullah akajibu, akivuta kamasi. "Maji yangekipasua. Na ukinoa, mzee, usikibane hivyo. Lete nikuonyeshe."

Wanaume thelathini wakasimama juani nusu saa nzima na dume lao, wakisubiri aliyeporwa amalize kumfundisha aliyempora.