Kigugumizi cha Asubuhi Moja

Jumatatu, 3 Agosti

Naapa kusema yote, hata yatakayoniaibisha. Daftari hili kanipa mama mdogo. Yeye ni mkufunzi wa kliniki ya usemi chuo kikuu. Wanafunzi wake hutibu watu wenye shida ya kuzungumza, naye hukaa nyuma ya kioo, anawaona wasimwone, anaandika. Kila mwanafunzi ana daftari la kujitathmini: nilifanya nini, kilitokea nini, nimejifunza nini. Langu hatalisoma mpaka nimpe mwenyewe.

Nataka kuwa kama yeye. Nimemwomba likizo hii nikae naye nyuma ya kioo, hata juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kakataa. Kasema wanaoingia kwenye kikao ni watatu tu: mkufunzi, mwanafunzi na mgonjwa.

Nimelitafakari sana hilo neno la tatu.

Jumanne, 4 Agosti

Mezani leo ilikuwa Kalamu, Kalamu, Kalamu. Huyo ni mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho, dada mwenye kalamu sikioni saa zote. Kalamu ana subira. Kalamu ana sikio. Na mimi nina nini, pua?

Mara simu ikalia. Mgonjwa wa Kalamu, mwalimu mstaafu aliyepata kiharusi, kashikwa na mafua. Mtihani wa Kalamu ni keshokutwa. Bila mgonjwa hakuna mtihani, bila mtihani anarudia mwaka. Mama mdogo kasukuma sahani. Mama akamwambia ale kwanza, Mungu hamtupi mja wake.

Kweli hamtupi. Msaada ulikuwa umekaa pale pale, umeshika kijiko.

Jumatano, 5 Agosti

Nimekwenda kliniki kujiandikisha. Mtandio wa mama, miwani ya babu ya kusomea. Miwani ile! Nimeuamkia mtungi wa maji shikamoo, karani akaitikia kutoka upande wa pili.

Akauliza shida yangu. Nilikuwa nimefanya mazoezi bafuni. Ki-ki-ki, nikamjibu. Akauliza mzazi wangu yuko wapi. Nikakwama kwenye herufi ya kwanza mpaka akakata tamaa, maskini, akasema pole mwanangu. Akafungua orodha ya kesho, akafuta jina la mtu, akaniandika mimi: saa tatu, kwa Kalamu. Aliyefutwa simjui. Vita havina macho.

Alhamisi, 6 Agosti

Chumba kidogo, viti viwili, sanduku la midoli, kadi za picha. Na kioo! Nikajua mama mdogo yuko nyuma yake pamoja na mtahini. Nikaketi wima, mtandio na miwani vile vile wasinitambue.

Kalamu akaniuliza jina. Nikakwama. Akasubiri. Akaniuliza habari za shule. Nikakwama vizuri zaidi. Kisha akasema tuhesabu pamoja, kwa sauti moja, mpaka ishirini. Nikakwama kila namba. Akasema tuimbe wimbo wa kubembeleza mtoto. Nikakwama kwenye wimbo. Nikakwama hata kwenye mluzi!

Kalamu akarudisha kalamu sikioni. Akaniambia polepole, "Mdogo wangu, wengi wenye kigugumizi wakiimba, au wakisema sambamba na mwenzao, hukipumzisha. Chako hakipumziki. Kina bidii mno." Kisha akageukia kioo. "Mwalimu, huyu sina cha kumtibu. Naomba aitiwe mama yake."

Mlango ukafunguka. Mama mdogo akauliza swali moja: kwa nini? Akanyamaza. Ndiyo silaha yake hiyo, huwafundisha na wanafunzi: ukiuliza, hesabu kumi moyoni, usimsaidie mtu. Mimi nilifika sita. Nikakiri yote, mpaka miwani.

Kumbe jina lililofutwa ni la fundi cherehani mwenye kigugumizi cha kweli. Mama mdogo alimbembeleza kwa simu tangu alfajiri ya jana ili azibe pengo la mstaafu. Kafunga duka, kakaa kwenye benchi tangu saa mbili. Pengo halikuwepo. Nililichimba mimi.

Nikatolewa nje kumwomba radhi. Akanitazama kutoka mtandio hadi viatu.

"Binti," akasema, "cha-changu nimekilea miaka arobaini. We-wewe umekiazima asubuhi moja, na bado u-umekirudisha kimechanika."

Benchi zima likacheka. Mimi nililia kidogo. Yeye akaingia kufanyiwa mtihani, akaimba. Nilimsikia mlangoni. Hakukwama hata mara moja.

Ijumaa, 7 Agosti

Kalamu kafaulu! Mtahini kaandika kwamba hajawahi kuona mwanafunzi akigundua mgonjwa asiyeumwa. Sasa hapo aliyemsaidia ni nani? Sitaji mtu.

Adhabu yangu: kuosha midoli yote ya kliniki, bombani, likizo nzima. Nimepiga hesabu. Kutoka bomba hilo mpaka mlango wa chumba cha kioo ni hatua kumi na nne.

Nimejifunza nini? Kwamba kosa langu lilikuwa kukubali kuimba.

Mama mdogo, nakusukumia daftari hili chini ya mlango wako. Lisome lote, ila jibu swali moja tu, kabla ya Jumatatu: mtu aliyekaukiwa sauti kabisa, asiyetoa hata mlio, huwa mnampima vipi? Muulize karani kama kuna nafasi, kisha niandikie, maana tangu asubuhi sijasema neno.