Ombi la Kuhamisha Kilima cha Chaddle

Baa ya Jembe la Zamani,
Chaddle ya Chini.

Kwa Bi. Rosamund Tapscott,
Mwenyekiti wa Kamati ya Njia za Miguu.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba mafua uliyoyapata kwenye matembezi ya Pasaka yamekwisha. Mimi si mzima. Kampuni inayomiliki jengo la baa yangu imenijulisha kwamba mauzo yasipopanda kabla ya majira ya baridi, itaifunga na kuigeuza nyumba ya watu wa London wa kuja kulala Jumamosi. Nimekaa nikatafakari chanzo cha balaa hili, na nimekiona wazi kupitia dirishani. Ni kilima chenu.

Naomba kihamishwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Njia ya matembezi inaanzia Chaddle ya Juu, kwenye baa ya Kengele Sita. Inateremka malishoni hadi kwangu, ndipo inapanda kilima kwenda Wickenstow. Tazama dhuluma hiyo, Mheshimiwa. Watu wanatoka Kengele Sita wameshajaa, wanateremka kwa raha zao, jasho haliwatoki hata tone. Wakifika kwangu hawana kiu. Kisha wanapanda kilima ndimi nje, na kiu yote ile wanampelekea mwenye baa wa Wickenstow, mtu ambaye hata moto wa sebuleni kwake ni wa gesi. Kilima kikikaa kati ya Chaddle mbili, kila mtu atapata haki yake.

2. Kengele Sita ni ya dada yangu, Honor Luscombe. Sitamsema, maana mambo ya ndani hayaanikwi uani. Nitasema tu kwamba baba alimwachia yeye baa, mimi akaniachia saa ya ukutani isiyotembea. Hatujasemezana tangu mazishi. Salamu zake zinaletwa na watembeaji. Mwezi jana mmoja wao alinifikishia swali, eti dada anataka kujua kama shingo yangu bado ngumu. Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa kali, lakini wote wanakwenda upande mmoja tu na hakuna wa kurudi nalo. Hilo nalo ni kosa la Kamati.

3. Ushahidi kwamba hawana kiu ninao. Mtu ananunua painti moja ya bia, anainywa nusu, anaiacha. Nikimuuliza kama iko sawa, ananijibu kwa tabasamu kwamba ni nzuri sana, asante, halafu anaanza habari za mawingu. Bw. Crispin Yeo, mkulima mnayemjua, nilimkuta anayamwagia maua yangu ya dirishani bia yake. Akasema aliona maua yana kiu. Mtu anayeona kiu ya ua kabla ya kiu yake mwenyewe, huyo kashiba alikotoka.

4. Mbwa wao wanainusa pai yangu ya nyama na kugeuza uso. Honor analisha mpaka mbwa. Sikutegemea angefika huko.

5. Iwapo Kamati itasema kilima ni kizito, nina mapendekezo mengine. Njia izungushwe shamba la Bw. Yeo mara tatu, fahali wake akiwa nje. Hilo likishindikana, basi kihamishwe kijiji chetu, kikae ng'ambo ya kilima. Kanisa linaweza kubaki lilipo. Jumapili waumini tuko wachache, tutalifuata kwa miguu, na mchungaji amesema hana neno.

Nakuomba ulifikirie jambo hili kwa moyo wa huruma. Mimi bila kaunta sijui kazi nyingine, na umri wangu si wa kujifunza. Nisalimie mumeo, wajumbe wote wa Kamati, na yule mjumbe aliyepaka rangi vibao vya njia akasahau kimoja, mwambie hatumchukii.

Wako mwenye uchungu na heshima tele,
Barnaby Luscombe

Tanbihi: Karani wenu anakaa Chaddle ya Juu, kwa hiyo nimeileta barua hii kwa miguu. Ni mara yangu ya kwanza kuipita njia hii tangu tumzike baba. Kumbe kuipanda si mchezo. Nilifika juu koo limekauka, karani hayupo, na mlango uliokuwa wazi ni wa Kengele Sita. Honor hakunisalimu. Alinimiminia painti, nikaimaliza nimesimama, nikamwonyesha barua. Aliisoma akacheka mpaka akashika kaunta, kisha akafuta macho, na hapo sikujua tena kama ni kicheko.

"Kiu wanafika nayo, Barnaby," akasema. "Bia yako imechacha. Mirija ya kutoa bia kwenye mapipa hujaiosha tangu baba afe, na nani atakuambia? Sisi Waingereza hata tukipewa sumu tunasema asante."

Nikamuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakuniambia. Akasema alikuwa ananingoja nije.

Haya nayaandika kwenye kaunta yake. Kesho asubuhi anateremka kwangu na ndoo na brashi, na pai amesema tutaizungumza tukimaliza mirija. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kilima msikiguse, na fahali wa Bw. Yeo abaki zizini. Ombi langu ni moja tu, na ni la haraka: benchi katikati ya mteremko, la kukaa watu wawili.